Kitabu Kisichopitia Mezani

Mama Dastani alikuwa na kanuni tatu za vitabu. Zote tatu alizitunga mwenyewe, akaziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, akakipigilia misumari ukutani mwa banda la kubangulia korosho. Ya kwanza: anayebangua hashiki kitabu mpaka anawe. Ya pili: hujakimaliza, usikisifu wala usikiponde. Ya tatu: kitabu hakipitishwi vichochoroni, kinarudi mezani, na aliyekimaliza anasimama mbele ya wote na kusema anampa nani na kwa nini anampa huyo.

Miaka saba hakuna mwanamke wa banda lile, pale Newala, aliyevunja hata moja. Wa kwanza kuzivunja akawa Mama Dastani mwenyewe, na alizivunja zote tatu ndani ya mwezi mmoja.

Jina lake hasa Veridiana. Ni afisa ugani, mwenye stashahada ya kilimo na pikipiki ya serikali inayogoma kuwaka wakati wa baridi. Dastani ni mwanawe wa kwanza, na wengine watatu wanamfuata. Hana maneno mengi. Mkulima akimwambia mikorosho yake imerogwa, humjibu kwamba imekosa dawa ya salfa, kisha huwasha pikipiki akaenda kwa mwingine. Kikundi cha ubanguaji alikianzisha yeye, na mambo ya vitabu alianzisha yeye. Aliona wanawake kumi na wanane wakikaa kutwa nzima ya Jumamosi wakigonga korosho na kusengenya watu walewale, akasema, "Mmoja asome, wengine mbangue. Anayesoma, fungu lake mtagawana kulibangua." Kisha akaketi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango, penye mwanga, akaanza kusoma kwa sauti. Hakutoka kwenye kigoda hicho kwa miaka saba.

Vitabu alivichagua yeye pia. Alikuwa na namna yake ya kumsifia mtu kitabu. "Soma hiki, kitakusaidia." Basi. Kitabu cha kufuga kuku, kitakusaidia. Riwaya ya binti aliyedanganywa na tajiri, kitakusaidia, una mabinti. Wanawake walichukua, walisoma, walirudisha mezani, walisema kimewasaidia.

Kisha akaja Faidha.

Faidha alitoka Masasi, alihamia Newala kuuza katika duka la dawa karibu na stendi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mcheshi, na alikuja bandani na mfuko wa sandarusi uliojaa riwaya mpaka vishikio vimenyooka. Jumamosi yake ya kwanza aliamkia kila mtu, akashika kitabu kimoja, akasema:

"Huyu dada kaolewa Ijumaa. Jumapili asubuhi anafungua sanduku la mumewe atafute shati la kupiga pasi. Anakuta picha. Mwanamke kwenye picha amevaa gauni lilelile alilolivaa yeye juzi harusini."

Akakiweka kitabu mezani.

"Halafu?" akauliza Isabela, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala hata siku alipong'olewa jino.

"Halafu kipo humo ndani."

"We mtoto wa Masasi una roho mbaya! Lete hapa!"

"Isabela, mikono!" akasema Mama Dastani kutoka kwenye kigoda. Isabela akacheka, akainua mikono yake yenye majivu juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Wengine wakacheka naye. Mama Dastani akarudi kwenye ukurasa wake, akakuta hakuna anayemsikiliza.

Alijiambia ni ugeni tu, utakwisha. Lakini mwezi wa kumi alipata mafua, sauti ikamkauka, na Faidha akasoma badala yake siku hiyo. Jumamosi iliyofuata sauti ilikuwa imerudi. Akakuta Faidha kwenye kigoda.

"Mwache amalizie ile sura, Mama Dastani," wakasema. "Anaiga na sauti ya mzee."

Sura ikaisha, ikaanza nyingine. Hakuna aliyesema kwamba kigoda kimebadilisha mwenyewe. Mama Dastani hakuwa mtu wa kuomba kigoda. Alivuta benchi, akashika kijiti cha kugongea, akaanza kubangua kama wenzake, akisikiliza sauti ya mtu mwingine ikisoma mahali pake.

Kubangua hakukujua vizuri. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayochoma ngozi na kung'ang'ania kwenye vidole. Wenzake walichovya mikono kwenye majivu kila baada ya punje chache, bila hata kutazama. Yeye alisahau, au aliona ni kupoteza muda. Baada ya wiki mbili vidole gumba vyake vilikuwa vyeusi na vinabanduka ngozi. Havikumuuma kama alivyoumizwa na kicheko kilichotoka upande wa kigodani.

Hata hilo angelivumilia kama si Zabibu.

Zabibu, mama yake Nasibu, ndiye aliyekuwa rafiki yake tangu alipopangiwa kazi Newala, akiwa na mimba ya Dastani na hajui hata pa kuteka maji. Zabibu alimwonyesha kisima. Zabibu alimpa mchicha, na alimlelea Dastani siku za semina. Naye Mama Dastani alimfundisha Zabibu kusoma. Zabibu aliachia shule darasa la tatu, akawa anatambua herufi kama mtu anavyotambua sura za watu asiowajua majina. Mama Dastani alimkalisha mbele ya mfuko wa salfa, akamwambia, "Anza hapa juu. Kabla ya kupuliza." Walisoma mfuko wa salfa mwezi mzima. Kisha kitabu cha kuku. Kisha riwaya ya kwanza, na siku alipoimaliza Zabibu alikuja mbio nyumbani kwake na unga wa ugali mikononi, akalia jikoni kwake kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Tangu hapo, miaka kumi na mmoja, Zabibu hakumaliza kitabu bila kuja kwanza kwa Mama Dastani. Hakuchukua kitabu ambacho Mama Dastani hakumpa.

Mwezi wa kumi na moja Faidha alisimama mezani na kitabu kilichovikwa gazeti. "Kinaitwa *Mke wa Mpimaji*," alisema. "Nimekimaliza juzi. Nampa Mama Nasibu. Nampa yeye kwa sababu nikimtazama naona ni mtu anayesoma polepole, na hiki ukikikimbiza kinakutoroka."

Zabibu alinawa kwa majivu, akasuuza, akajipangusa kwa kanga, akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu kwa haya kama mwari.

"Kinahusu nini?" akauliza Mama Dastani.

"Mke wa mpima ardhi, Mama. Wanahamahama. Kila nyumba wanayopanga, siku ya kuondoka anaacha kitu kimoja makusudi. Kioo. Mkeka. Taa."

"Mwanamke anatupa vyombo vya ndani," akasema Mama Dastani. "Hicho kitamsaidia nani?"

Isabela akatazama boksi la kanuni ukutani, kisha akatazama pembeni. Hiyo ilikuwa kanuni ya pili, imekwenda.

Wiki zikapita. Zabibu hakuja nyumbani kwa Mama Dastani kumwambia amefika wapi. Ila Mama Dastani alimwona mara mbili, akipita na pikipiki, ameegemea kaunta ya duka la dawa, anaongea kwa mikono yote miwili, na Faidha anacheka. Dawa haziongelewi hivyo. Mara ya pili alizima pikipiki ng'ambo ya barabara, akajifanya anakagua mnyororo. Hakusikia neno. Aliona tu Zabibu akijishika kifua kama alivyojishika jikoni kwake miaka ile, na alitamani kuvuka barabara akamvute mkono kama mtoto aliyekutwa kwa jirani wakati wa chakula.

Alhamisi moja alfajiri mlango wake ukagongwa. Ni Zabibu, amevaa viatu vya safari, na begi begani.

"Binti yangu Somoe amejifungua. Kwa upasuaji. Nakwenda Masasi na gari la kwanza."

"Mzima?"

"Wazima wote, wa kiume. Shika hiki." Akamkabidhi kitabu, kimefungwa kwenye kipande cha kanga. "Nimekimaliza jana. Kipeleke mezani Jumamosi. Mwambie Faidha akitunze, asimpe mtu. Nikirudi nitasimama mwenyewe."

"Umemchagulia nani?"

Zabibu akacheka. "Si kanuni yako hiyo? Utasikia mezani na wenzako." Honi ikalia barabarani. Akakimbia.

Mama Dastani akabaki mlangoni na kitabu. Amemaliza jana, na jana hakuja. Na amemchagua mtu. Isabela? Isabela angekisoma kwa siku moja na kusahau majina. Severina? Severina hasemi hata akikanyagwa. Au anamrudishia Faidha mwenyewe, wakifurahie wawili. Alikiweka juu ya kabati, nyuma ya kopo la mbegu, akaenda kazini, akawafokea wakulima wawili kwa kosa la mmoja.

Jumamosi hakukibeba. Alijiambia amekisahau. Alikuwa amekitazama kabla ya kufunga mlango.

"Jamani, *Mke wa Mpimaji* kiko wapi?" akauliza Faidha wakati wa kupanga vitabu mezani. "Mama Nasibu alikuwa amekaribia kumaliza."

"Ameondoka nacho Masasi," akasema Mama Dastani.

Alishangaa uongo ulivyotoka laini. Haukumkwaruza hata koo.

"Mama Nasibu?" akasema Isabela. "Aondoke na kitabu cha watu? Yule anayerudisha hata pini?"

"Binti yake amepasuliwa. Mtu hakumbuki."

"Ngoja nimpigie," akasema Faidha, akitoa simu.

"Unampigia mtu anauguza mzazi, unamuuliza kitabu?" Mama Dastani akamkazia macho. "Mwacheni."

Faidha akarudisha simu mfukoni, amefadhaika. Lakini palikuwa na adhabu, nayo pia ni ya Mama Dastani: anayeondoka na kitabu anakosa zamu ya kupewa kitabu mpaka msimu uishe. Mwanamke mmoja akaikumbusha. Wakabishana kidogo, wakasema Zabibu ni mtu mzima na ana udhuru. Mwingine akasema kanuni ni kanuni, mbona yeye alirudisha kitabu mezani hata alipokuwa na msiba. Wakatazama kwa Mama Dastani aamue, kwa kuwa mambo ya adhabu walimwachia bado.

Alikuwa na punje ya korosho mkononi. Aliigonga. "Kanuni ni kanuni," alisema.

Wakamvua Zabibu zamu.

Alasiri hiyo alifika nyumbani, hakuvua hata viatu, akakitoa kitabu nyuma ya kopo la mbegu. Alitaka kosa tu. Ukurasa mmoja wa upuuzi, sentensi moja ya kipumbavu, aende nayo Jumamosi ijayo aseme, hiki ndicho mnachoniachia kigoda? Aliketi kwenye ngazi ya nyuma, akafungua.

Mke wa mpimaji hana jina mpaka ukurasa wa arobaini. Mumewe anapima mashamba ya watu na hana lake. Nyumba ya kwanza anaacha kioo, ukutani, kimetazama mlango. Mama Dastani aliona ujinga. Nyumba ya pili anaacha taa imejaa mafuta. Hakuona tena ujinga, alitaka kujua nyumba ya tatu. Watoto wakaja kuuliza chakula, akawaambia wapashe kiporo.

Nyumba ya nne mwanamke anaacha sufuria yake kubwa jikoni, aliyopewa na mama yake. Anafunga mizigo, anapanda lori. Lori linaanza kwenda. Jirani yake, mwanamke ambaye mwaka mzima wamesalimiana uani tu, anatoka mbio barabarani, kanga inamdondoka, ameinua sufuria juu kwa mikono miwili, anapiga kelele, "Umesahau! Mama, umesahau!" Lori linasimama. Na yule mwanamke anapokea sufuria, anasema asante, na hawezi kumwambia jirani yake kwamba alikuwa amemwachia yeye.

Mama Dastani alisoma ukurasa huo. Akaendelea kurasa mbili, akarudi. Akakifunga kitabu, akakifungua tena.

Alikimaliza Jumapili. Jumatatu alianza upya. Hakutafuta kosa tena, na hilo lilimkera kuliko yote: Faidha alisema kweli. Ukikikimbiza kinakutoroka. Na kwa namna Zabibu anavyosoma, kidole chini ya mstari, ni kweli kitabu hiki kilikuwa chake. Mtoto wa juzi, mwenye miezi mitano mjini, aliliona. Yeye mwenye miaka kumi na mmoja alikuwa anampa vitabu vya kuku.

Jumatano Zabibu alimpigia kutoka Masasi.

"Huku joto, mwenzangu! Ile milima ya mawe inatupika kama tuko chunguni. Mtoto ananyonya. Kitabu ulikipeleka?"

"Nilipeleka."

"Faidha alisemaje?"

"Hakusema kitu."

"Haya. Mwambie atulie, nakuja na maneno yangu yameiva."

Maneno gani, na yameivia kwa nani, Mama Dastani hakuuliza. Alikata simu, akaketi ngazini, akafungua ukurasa wa sufuria.

Jumamosi ya tatu tangu aondoke, Zabibu aliingia bandani na mfuko wa ndizi za Masasi, amekonda kidogo, anang'aa kama bibi wa mjukuu mpya anavyong'aa. Walimshangilia, walimpokea mfuko. Mama Dastani alikuwa na kitabu kwenye mkoba, miguuni pake. Alikuwa amekileta ili akipenyeze chini ya vingine kabla hajafika mtu. Alikuta Isabela ameshafungua banda.

"Haya, *Mke wa Mpimaji* kiko wapi nikisemee?" akauliza Zabibu.

Wakatazamana.

"Si unacho wewe, Mama Nasibu?" akasema Faidha taratibu. "Tuliambiwa uliondoka nacho. Tena... tukakuvua zamu."

"Mlinivua nini?"

"Zamu. Mpaka msimu uishe."

Zabibu hakumtazama Faidha. Alimtazama Mama Dastani. Hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa anasubiri tu, kama alivyokuwa akisubiri zamani amwambie neno gumu linasomwaje.

Mama Dastani akainama, akafungua mkoba, akakiweka kitabu mezani. Kipande cha kanga kilikuwa bado kimekizunguka.

Zabibu akakifungua. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Pembeni mwa kila ukurasa, chini kulia, palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba, inang'aa kidogo, imeingia mpaka ukurasa wa nyuma. Alama ziliendelea bila kukatika. Palipo na sufuria ukurasa ulikuwa kama umekanyagwa na kuku aliyetoka matopeni.

"Nani bandani humu," akauliza Zabibu, "anabangua bila majivu?"

Isabela akainua mikono yake. "Mimi usinitazame. Nabangua tangu sijavunja ungo, sijachafua hata karatasi ya vitumbua." Mwingine akanyoosha vidole vyake, safi, vimekauka kwa majivu ya miaka. Na mwingine. Ikawa kama wanakaguliwa kucha shuleni, na wawili wakaanza kucheka, mpaka macho yote yakafika kwa mtu mmoja na kicheko kikafa.

Mama Dastani akaweka mikono yake juu ya meza.

"Ni mimi."

"Umekisoma?"

"Mara mbili. Hapo kwenye sufuria sikuhesabu."

"Na siku ya kunivua zamu ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema kanuni ni kanuni."

"Jamani, yaishe," Faidha akaingilia, "kitabu ni karatasi, nitakivika upya..."

"Kaa, mwanangu," akasema Zabibu. Faidha akakaa.

Zabibu akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuikunjua.

"Nilikuwa nimemchagulia Mama Dastani," aliwaambia wanawake, si yeye. "Wiki nzima niliandika sababu, kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia. Sikumwendea nyumbani kumwambia nimefika wapi, maana ningemaliza uhondo. Nilitaka mara hii nimpe mimi. Yeye kanipa vyote. Sasa kitabu anapewa asiyekisoma. Huyu kashasoma. Nimpe nini?"



"Soma tu hiyo karatasi," akasema Mama Dastani. Aliisikia sauti yake ikiomba, na hakuwa na desturi hiyo.

"Sisomi."

Akairudisha pindoni, akafunga fundo.

Isabela akakohoa. "Kanuni ya tatu," alisema, akionyesha ukutani kwa kidevu. "Aliyekimaliza ndiye anayesimama. Si ndivyo ulivyoandika?"

Ndivyo alivyoandika. Mama Dastani akasimama. Alikishika kitabu, akatafuta neno lake la siku zote, kitakusaidia, akaliona halifiki popote. Aliwatazama mmoja mmoja. Severina alikuwa mwisho wa benchi, karibu na dirisha, ameinamia korosho zake. Severina ni mama yake Yeremia, mke wa mwalimu.

"Nampa Mama Yeremia," akasema. "Mume wake amehamishwa mara nne. Tuko naye mwaka wa tatu hapa na hakuna aliyewahi kumuuliza aliacha nini huko alikotoka. Hata mimi. Humu kuna mwanamke anayeacha vitu. Kuna mahali jirani anamkimbilia na sufuria, na mimi nilipofika hapo..." Hawezi kulia mbele za watu, hakujifunza. "Nilipofika hapo nilichafua ukurasa. Utaniwia radhi. Na huyo jirani alidhani anarudisha. Sitasema zaidi. Kipo humo ndani."

Severina akanyanyuka, akaenda kwenye beseni la majivu, akanawa muda mrefu. Akaja akakipokea. "Niliacha cherehani," alisema, kwa sauti ambayo wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia ikifika mwisho wa sentensi. Akarudi mahali pake.

"Mimi nisingempa yeye," Faidha akasema polepole. "Nisingemwona kabisa."

Mama Dastani alifurahi kusikia hivyo. Alifurahi sana, na akajionea aibu kwa ukubwa wa furaha yenyewe.

"Njoo huku," Zabibu akamwita.

Walichuchumaa kwenye beseni, nje ya mlango. Zabibu akakamata mkono wake, akamimina majivu, akakata ndimu, akaanza kusugua kidole gumba kwa nguvu za mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Iliuma. Mama Dastani hakuuvuta mkono.

"Miaka saba umekaa kigodani, hujui hata kupaka majivu."

"Hamkuniambia."

"Hukuuliza." Akageukia kidole cha pili. "Zamu yangu narudishiwa leo. Utawaambia wewe."

"Nitawaambia. Hiyo karatasi. Nani mwingine ameiona?"

"Faidha. Jana nilimtumia picha kwa simu, akanisahihishia."

Afadhali ndimu. Yeye ndiye aliyemfundisha herufi mwanamke huyu, kwenye mfuko wa salfa, jua likiwaka, na mtoto mgongoni. Na aliyesahihisha maneno aliyoandikiwa yeye ni mwingine, ameyasoma, anayajua, anatembea nayo mjini.

"Alisahihisha nini?"

"Maneno mawili."

"Yapi?"

"Mama Dastani."

"Basi. Nimeacha."

Zabibu akamwagia maji kidogo, kwa kipimo, kama maji yanavyomwagwa Newala, mahali pasipo na maji ya kuchezea. Weusi ulipungua, haukuisha. Akajipangusa, akachukua mkoba wake, na Mama Dastani akaona humo ndani kona ya kitabu kingine, pengine cha huko Masasi, kimevikwa karatasi ya kaki, na ubua umepachikwa katikati ya kurasa kuonyesha alipofika.

"Hicho ukimaliza utampa nani?"

"Jumamosi utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi utasikia mezani na wenzako."

Zabibu akaingia ndani. Mama Dastani akabaki akiutazama ule ubua kwa macho ya moyoni. Haukuwa umefika hata nusu, na kitabu chenyewe kilikuwa kinene, na Zabibu anasoma polepole. Jumamosi nne za kusubiri. Labda tano. Akaingia bandani akiwa amelowa mikono, akapita kando ya kigoda bila kukitazama, akaketi kwenye benchi. Alichota majivu, akajipaka mpaka kwenye viwiko, akachukua punje ya kwanza.